Je, wajua kwa nini kaburi la Mozart halijulikani lilipo?

Mtunzi wa muziki Wolfgang Amadeus Mozart alifariki Vienna, Austria, tarehe 5 Desemba 1791, akiwa na umri wa miaka 35, akazikwa katika makaburi ya St. Marx nje kidogo ya mji. Makaburi yanajulikana, kaburi lenyewe halijulikani. Jibu walilonalo wengi ni kwamba alikufa fukara, maiti yake ikatiwa guniani na kutupwa kwenye kaburi la halaiki, huku dhoruba ya theluji ikiwatimua waombolezaji wachache waliojitokeza. Filamu ya Amadeus ya mwaka 1984 ikaikaza picha hiyo vichwani mwa watu.

Hadithi ni tamu, ila karibu kila kipande chake kina walakini.

Ufukara kwanza. Kwamba Mozart alikuwa na madeni halina ubishi: barua alizomwandikia mfanyabiashara Michael Puchberg akiomba mkopo zipo hadi leo, na zinatia huruma. Lakini mtu wa madeni si lazima awe fukara. Tangu Desemba 1787 alikuwa mtunzi wa muziki wa Kaizari, kwa mshahara wa florini 800 (fedha ya wakati huo) kwa mwaka. Opera yake (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) Die Zauberflöte, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 30 Septemba 1791, ilikuwa ikijaza watu ukumbini wakati mwenyewe yu kitandani hoi. Hata mazishi yake yalilipiwa: florini 8 na kreuzer 56 (kreuzer ni sehemu ndogo ya florini), na juu yake florini 3 za gari la kubebea maiti. Hayo yalikuwa mazishi ya daraja la tatu. Fukara hasa alizikwa bure.

Dhoruba nayo? Ilisimuliwa katika gazeti moja la Vienna mwaka 1856, zaidi ya miaka 60 baada ya mazishi. Mkuu mmoja wa serikali, Karl von Zinzendorf, ambaye hakuiacha siku ipite bila kuandika shajara, aliandika kwamba tarehe 6 Desemba hali ya hewa ilikuwa tulivu, yenye ukungu. Wapo wanaohoji kwamba mazishi yalifanyika tarehe 7, kwa hiyo ushahidi wa shajara hiyo tuuchukue kwa tahadhari. Hata hivyo, hatuhitaji theluji kueleza kwa nini hakuna aliyefika kaburini. Ibada ilifanyika katika kanisa kuu la St. Stephen, na kwa desturi ya Vienna ya wakati huo waombolezaji waliishia hapo. Gari liliondoka na maiti baadaye, bila msafara.

Sasa tuje kwenye sababu yenyewe. Kaizari Joseph II alikuwa mtawala aliyependa kupanga kila kitu, na mwaka 1784 alipanga hata kufa. Kwa ajili ya afya ya umma, makaburi yalihamishiwa nje ya mji. Kwa ajili ya kubana matumizi, aliagiza maiti zizikwe ndani ya magunia, na jeneza liwe la kutumika tena na tena. Watu walikasirika kiasi kwamba amri ya jeneza aliiondoa mwaka uliofuata. Utaratibu mwingine mwingi ulibaki, na ndani yake mlikuwa na kanuni iliyompoteza Mozart: kaburi la kawaida halikuwa mali ya marehemu.

Lilikuwa kama chumba cha kupanga. Unaingia, unakaa muda wako, kisha mwenye nyumba anakihitaji kwa mpangaji mwingine. Muda huo ulikuwa kama miaka 10, baada ya hapo shimo lilifukuliwa, mifupa ikasogezwa na maiti mpya ikaingia. Na kama vile mpangaji hachongi jina lake ukutani, hapakuwa na jiwe wala msalaba wa kudumu juu ya kaburi. Familia yenye fedha nyingi iliweza kununua kaburi la kudumu, ila wakazi wengi wa Vienna, wakiwemo watu wa kipato cha kati, walipita njia hii ya kupanga. Wataalamu bado wanabishana kama Mozart alilazwa peke yake au pamoja na wengine wachache. Shimo kubwa la halaiki la kwenye filamu halina ushahidi.

Mjane wake, Constanze, alikwenda kulitafuta kaburi mwaka 1808 hivi. Miaka 17! Wengi wamemlaumu, na pengine wana haki. Ila kwa hesabu ya miaka 10, hata angewahi kwa miaka mitano asingekuwa na uhakika wa kumkuta.

Kuna mchimba kaburi aliyedaiwa kulichukua fuvu la Mozart mwaka 1801, kaburi lilipofukuliwa. Mwaka 1902 fuvu hilo lilifika mikononi mwa taasisi ya Mozarteum, Salzburg. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba limepimwa vinasaba na kulinganishwa na mifupa iliyotolewa katika kaburi la familia ya Mozart mjini humo, mifupa iliyodhaniwa kuwa ya jamaa zake wa kike. Majibu yalionyesha kwamba fuvu halikuwa na undugu na mifupa hiyo. Tatizo ni kwamba hiyo mifupa nayo, mmoja kwa mwingine, haikuwa na undugu.