Gundi Haishiki Kila Bomba: Dhana Potofu Kuhusu Mivujo ya Bustani

Kiangazi cha Januari na Februari ndicho kipindi ambacho mabomba ya kunyweshea nyasi hapa Nakuru hufanya kazi bila kupumzika, na ndicho pia kipindi ambacho matundu madogo hujitokeza. Huitwa fundi, akaja na kopo la gundi, akapaka, akalipwa, na baada ya wiki moja maji yakachuruzika tena palepale. Kwa maoni yangu, kazi hizo za kurudiwarudiwa huzuka kwa sababu hakuna aliyeuliza kwanza bomba lenyewe ni la plastiki gani.

Dhana: Gundi ya mabomba hushika plastiki yoyote.

Gundi iliyozoeleka, ile ya makopo madogo katika maduka ya vifaa vya ujenzi, imetengenezwa kwa ajili ya PVC, aina ya plastiki ngumu. Haishiki kwa kunata kama gamu ya karatasi: hulainisha na kuyeyusha uso wa bomba na uso wa soketi, yaani kiungo kinachopokea ncha ya bomba, na dawa inapokauka nyuso hizo mbili huwa kitu kimoja. Bomba jeusi linalouzwa likiwa limeviringwa, ambalo wengi hulitandaza chini ya nyasi, ni la polithini, na polithini haiyeyushwi na dawa hiyo. Gundi hukauka juu yake ikawa utando ambao hata mtoto anaweza kuubandua kwa ukucha.

Asiye na hakika akate kipande kidogo cha bomba, akitie katika beseni la maji na kukizamisha kwa kidole ili hewa itoke. Cha polithini kitaelea kwa sababu ni chepesi kuliko maji; cha PVC, ambayo uzito wake ni takriban mara 1.4 ya ule wa maji ya ujazo uleule, kitazama. Nimeliona jaribio hili likimaliza ubishi wa nusu saa kati ya mwenye nyumba na mtunza bustani wake.

Likiwa ni polithini, sehemu yenye tundu hukatwa kwa mkato ulionyooka, kiunganishi chenye meno kikaingizwa kati ya ncha mbili, na klipu ikakazwa kila upande. Ncha iliyo ngumu itumbukizwe katika maji ya moto kwa muda mfupi, wala isipitishwe juu ya mshumaa, kwa maana moto huudhoofisha ukuta wa bomba na hujui utakomea wapi. Kwa mpira mwembamba wa kunyweshea kwa matone, tundu lililotobolewa kimakosa huzibwa kwa kizibo kidogo cha plastiki kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Likiwa ni PVC, gundi ina mahali pake, lakini bomba lazima liwe safi na kavu, na hapa ndipo haraka inapoharibu kazi: maji yanayodondoka kutoka ndani ya bomba hufika kwenye soketi kabla gundi haijashika. Tena PVC haivutiki kama polithini, hivyo inafaa kuchimba mtaro mrefu kuliko tundu linavyodai ili bomba lipate nafasi ya kupinda kidogo soketi inapoingizwa. Baada ya kupaka, mimi husubiri saa 24 kabla ya kufungulia maji kwa nguvu, hata kama mwenye nyasi analalamika.

Dhana: Mpira wa tyubu ya baiskeli unatosha.

Unatosha kwa usiku mmoja. Tangi lililoinuliwa mita 3 hutoa shinikizo la takriban baa 0.3 tu (baa ni kipimo cha shinikizo), na kiraka cha mpira huweza kulivumilia. Pampu ya baa 2 au 3 ikiwashwa, kiraka hichohicho hufumuka.

Dhana: Palipolowa ndipo palipo na tundu.

Maji hufuata mtaro ambamo bomba limelazwa, kwa kuwa udongo uliowahi kuchimbwa ni mwepesi kupenyeka, kisha huibuka mahali pa chini. Katika udongo wa Nakuru wenye asili ya majivu ya volkano, mvujo mdogo huweza kunywewa wote bila dalili yoyote juu ya nyasi. Huko uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, ukivuta viungo vya mabomba. Kwa hiyo huko ni vyema kuchunguza viungo kabla ya kulishuku bomba lenyewe. Kwa vyovyote, chimba kuelekea upande wa juu wa mteremko.

Dhana: Tundu dogo halina hasara.

Weka kikombe chini yake. Kikijaa mililita 250 kwa dakika 10, hizo ni lita 36 kwa siku ikiwa bomba halifungwi. Lakini madhara yanayonisumbua zaidi hutokea maji yanapofungwa: shinikizo huanguka, bomba huvuta udongo kupitia tundu hilo, na siku inayofuata vinyunyizio vimeziba.

Dhana: Tepu nyeupe ikizungushwa mara nyingi, kiungo hakivuji.

Tepu hiyo ni ya nyuzi za skrubu pekee. Ikizidi unene, hupanua kiungo cha plastiki hadi kikapasuka, hasa kikikazwa kwa spana kubwa.

Na kabla ya kuchimba kwa sababu kinyunyizio cha chini kabisa kinatiririka baada ya valvu kufungwa, subiri kidogo. Maji yakikoma yenyewe, hayo yalikuwa mabaki ya bomba yakishuka kwa mteremko. Dawa yake ni kinyunyizio chenye valvu ya kuzuia maji kutoka. Yasipokoma, ikongoe valvu hiyo uitazame ndani, kwani changarawe moja tu huizuia isifunge sawasawa.