Baa nne za simu si kipimo cha intaneti ya zahanati

Malalamiko kwamba "mfumo haufunguki" huongezeka kila mwanzo wa mwezi, vituo vya afya vinapoingiza ripoti kwenye DHIS2, mfumo wa kielektroniki wa takwimu za afya. Mara nyingi mfumo uko hewani. Kinachokwama ni njia ya kuufikia, hasa kasi ya kupandisha data.

Kifurushi cha GB 50 hakiongezi kasi. GB ni ujazo. Kasi hupimwa kwa Mbps (megabiti kwa sekunde), na kwa kuwa biti 8 ni baiti 1, laini ya Mbps 1 hupitisha KB 125 tu kwa sekunde. Baa nazo huonyesha nguvu ya mawimbi, hazisemi mnara unahudumia watu wangapi saa hiyo. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado tunaletewa picha za baa kama ushahidi.

Mhudumu akirudi na fomu 40 kwenye kishikwambi, kila moja na picha ya MB 3, ana MB 120, yaani megabiti 960. Kwa Mbps 1 ya kupandisha ni dakika 16, laini ikiwa yake peke yake. Wakiwa watatu, ni dakika 48. Picha zikipunguzwa hadi KB 300, kazi ya mmoja huisha ndani ya dakika 2. Kwa fomu zisizo na picha tunapendekeza angalau Mbps 0.5 kwa kila anayeingiza data kwa wakati mmoja. Programu ya DHIS2 ya Android huhifadhi fomu bila mtandao, basi pandisheni alfajiri. Ila usiiondoe kwenye kifaa kabla haijamaliza kupandisha: fomu ambazo hazijafika hupotea.

Vituo vyenye dishi la setilaiti iliyo umbali wa kilomita 35,786 juu ya dunia vitegemee ucheleweshaji wa milisekunde 600 hivi kwa kila ombi. Kununua kasi zaidi hakuupunguzi.

Mtandao ukisumbua, kutuma rejesta ya wagonjwa kwenye kundi la WhatsApp hakukubaliki, hata kwa nia njema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inamwadhibu mtu binafsi anayefichua taarifa kinyume cha sheria kwa faini isiyozidi shilingi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kuazimana nywila nako hakuruhusiwi, kwa sababu jina linalobaki kwenye kumbukumbu za mfumo ni la mwenye akaunti.

Kabla ya kuleta lalamiko, simamisha masasisho ya Windows, kaa karibu na ruta, pima asubuhi, mchana na jioni. Andika kasi ya kushusha, ya kupandisha, na ucheleweshaji. Kisha tazama tarehe ya kompyuta: betri ndogo ya ubao mama (bodi kuu ndani ya kompyuta) ikifa, umeme ukikatika tarehe hurudi miaka nyuma, na kivinjari hukataa kufungua tovuti salama hata laini ikiwa nzima. Hapo badilisha betri na urekebishe tarehe, usinunue bando.