Banjo haikuzaliwa milimani: dhana potofu kuhusu ala za waasisi wa kantri

Mashabiki wa muziki wa kantri Afrika Mashariki ni wengi kuliko wageni wanavyodhani, na wengi wetu tuliingilia mlango wa Jim Reeves, Dolly Parton na Kenny Rogers. Tatizo ni kwamba tukishaizoea ile picha ya jukwaa la Nashville, mji mkuu wa kantri huko Tennessee, Marekani, yaani kofia pana, gitaa kifuani na bendi kamili nyuma, tunairudisha hadi miaka ya 1920 kana kwamba ndivyo mambo yalivyoanza. Sivyo kabisa. Ala za waasisi zilitoka pande nyingi za dunia, na baadhi ya waliozipiga hawamo kwenye picha hiyo.

Dhana: Banjo ni ala ya Wazungu wa milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani

Hii ndiyo dhana sugu kuliko zote. Banjo, ala ya nyuzi yenye tumbo la ngozi kama ngoma, ilivuka bahari na Waafrika waliouzwa utumwani. Daktari Hans Sloane, aliyekuwa Jamaika mwaka 1687 na 1688, aliziandika na kuzichorea ala za watumwa zilizotengenezwa kwa vibuyu. Kule Senegal na Gambia, Wajola wana akonting hadi leo: kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini mrefu wa mti, na nyuzi tatu, mmoja wao mfupi. Utazame mkono wa mpigaji. Ukucha wa kidole unashuka na kuugonga uzi unaobeba wimbo, kisha kidole gumba kinaudonoa ule mfupi, ambao sauti yake haibadiliki. Kisha mtafute mzee wa Tennessee anayepiga banjo kwa mtindo wa kale, uulinganishe mkono wake na huo. Mwendo ni uleule.

Wapo wanaokubali asili hiyo lakini wanadai kuwa ule uzi mfupi, ambao ndio unaoipa banjo mlio wake, ulibuniwa na Joel Walker Sweeney, Mzungu wa Virginia aliyevuma jukwaani kuanzia miaka ya 1830. Sweeney alizaliwa mwaka 1810. Kuna mchoro wa rangi za maji kutoka South Carolina, uliochorwa kati ya mwaka 1785 na 1790 hivi, unaoonyesha watumwa wakicheza ngoma huku mmoja wao akipiga banjo ya kibuyu. Uzi mfupi upo pale pale. Alichofanya Sweeney ni kuipandisha banjo kwenye majukwaa ya Wazungu, wengi wao wakiwa wamejipaka masizi usoni kuwaigiza na kuwadhihaki watu weusi. Kutoka huko ndiko ilikoendelea kusambaa, ingawa milimani pia Weusi na Wazungu walifundishana ana kwa ana.

Na ule mlio wa kasi wa vidole vitatu, unaomwagika kama mvua ya mawe, nao si wa tangu enzi. Wapo waliotumia vidole vitatu mapema, Charlie Poole akiwa mmoja wao, lakini ule tunaoujua leo ulishika kasi mpiga banjo Earl Scruggs alipojiunga na bendi ya Bill Monroe mwishoni mwa mwaka 1945.

Dhana: Gitaa ndilo lililoanzisha yote

Fidla ndiyo iliyotangulia. Eck Robertson na Henry Gilliland waliporekodi New York mwaka 1922, katika kikao ambacho wengi wanakihesabu kuwa cha kwanza cha kantri, walikwenda na fidla. Mwaka uliofuata Fiddlin' John Carson alirekodi Atlanta, naye alishika fidla. Kipindi cha redio ya WSM ya Nashville kilichokuja kuitwa Grand Ole Opry kilianza Novemba 1925 na mpiga fidla mwenye umri wa miaka 77, Uncle Jimmy Thompson. Gitaa lilichelewa kupanda milimani, na lilipofika, zaidi kwa kuagizwa kwa posta kutoka katalogi za maduka makubwa, kazi yake ilikuwa hasa rizimu, yaani kushika mapigo.

Nikiri hapa kwamba ubishi wa kama fidla na violin ni ala mbili tofauti unanichosha. Ala ni moja. Tofauti iko kwa mpigaji, pengine na kwenye daraja la nyuzi ambalo wengine hulisawazisha kidogo ili waguse nyuzi mbili kwa urahisi.

Dhana: Wanawake walikuwa waimbaji tu

Mmoja wa waliolitoa gitaa kwenye rizimu ni mwanamke. Agosti 1927, mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor aliirekodi Carter Family: A.P. Carter, mkewe Sara, na Maybelle, aliyekuwa na umri wa miaka 18 na mja mzito. Maybelle alikuwa akiubeba wimbo kwa kidole gumba kwenye nyuzi nene, huku kidole cha shahada kikipangusa zile nyembamba juu chini kushika mapigo. Solo na rizimu kwa mkono mmoja! Wapiga gitaa wengi wa kantri waliomfuata wamekula kwenye sahani hiyo.

Sara naye alikumbatia autohapu, kisanduku chenye nyuzi nyingi na vitufe vya kunyamazisha zile zisizotakiwa. Wengi huidhani ni ya kienyeji ya milimani. Ni ya Kijerumani: ilibuniwa Markneukirchen, na Charles Zimmermann wa Philadelphia akachukua hataza ya kwake Marekani mwaka 1882. Na kabla ya Bristol, mwaka 1924, Samantha Bumgarner alikuwa tayari amekwenda New York kurekodi, akipiga fidla na banjo.

Hapa pia kuna dhana ya upande wa pili. Baadhi ya watu, kwa nia njema, husema Maybelle alifundishwa kila kitu na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi wa Kingsport, Tennessee. Riddle anastahili sifa kubwa: alizunguka na A.P. kukusanya nyimbo, na Maybelle alijifunza mengi kwake. Lakini alikutana na familia hiyo baada ya Bristol, na kidole gumba cha Maybelle kinasikika kwenye santuri za Bristol zenyewe.

Dhana: Kantri ya mwanzo ilikuwa "safi", haikuchanganywa

Siku tatu baada ya Carter Family, chumba kile kile kilimpokea Jimmie Rodgers. Gitaa lake maarufu, alilotengenezewa kwa oda na kampuni ya Martin, lilikuwa na neno la shukrani mgongoni, alilokuwa akiwageuzia watazamaji baada ya wimbo. Lakini alirekodi pia na bendi za jazi na wapiga gitaa wa Kihawaii, na mwaka 1930 alirekodi na Louis Armstrong kwenye tarumbeta na Lil Hardin Armstrong kwenye piano. Aliaga dunia mwaka 1933 kwa kifua kikuu, asikanyage Afrika. Santuri zake zilikanyaga. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis wa Kenya wakimwimba kwa jina la "Chemirocha", wakisindikizwa na chepkong, kinubi chao cha asili. Anayesema kantri iliingia kwetu na Jim Reeves amechelewa.

Kule Opry nako, mmoja wa nyota wa mwanzo alikuwa DeFord Bailey, mtu mweusi aliyeugua polio utotoni. Ala yake ilikuwa kinanda cha mdomo, ambacho angekifanya kiungurume kama garimoshi linalokuja, lipige honi, kisha lipotelee mbali. Ni baada ya yeye kupiga hivyo mwaka 1927 ndipo mtangazaji George D. Hay alipolitamka jina la Grand Ole Opry. Mwaka 1941 aliondolewa, akaishi kwa kung'arisha viatu Nashville. Aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la kantri mwaka 2005, miaka 23 baada ya kifo chake.

Dhana: Gitaa la chuma, lile linalolia, ni la Texas au Nashville

Ni la Hawaii. Joseph Kekuku anatajwa kuwa ndiye aliyeueneza, tangu mwishoni mwa karne ya 19, mtindo wa kulilaza gitaa mapajani na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Maonyesho ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliwatia Wamarekani kichaa cha muziki wa Hawaii, na waasisi wa kantri wakauchukua wakati ungali moto. Lile la kukanyagia pedali ni la baadaye sana: lilijulikana mwaka 1954, Bud Isaacs alipolipiga kwenye wimbo wa Webb Pierce. Basi filamu ikikuonyesha wakulima wa mwaka 1930 huku nyuma pedali zinalia, ujue mtengenezaji hakuuliza mtu.