Maktaba ya John Dee haikuchomwa na watu wenye hasira

Hii stori mmeisikia sana, kwamba yule John Dee, mnajimu wa Malkia Elizabeth I, alipoondoka Mortlake karibu na London mwaka 1583 kwenda Poland, wanakijiji wakavamia nyumba wakidhani ni mchawi wakachoma vitabu vyake. Inanoga kweli, ila vitabu vyenyewe vinaikataa.

Kabla ya safari Dee aliandika orodha ya maktaba yake, na mwenyewe alidai ana vitabu kama 4,000, vya kuchapwa na vya mkono. Aliporudi 1589 akakuta vingi havipo, na aliyemlaumu ni shemeji yake Nicholas Fromond aliyeachiwa nyumba, eti ameuza au kaacha vibebwe. Sasa angalia, zaidi ya 100 vipo leo chuo cha madaktari London, na kwenye baadhi jina la Dee limefutwafutwa alafu juu yake limeandikwa la Nicholas Saunder, ambaye inasemekana alikuwa mwanafunzi wake. Wino wa zamani bado unachungulia chini ya mpya, yaani ni kama mtu kaiba simu akasahau kubadilisha picha ya skrini. Kimoja cha Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, hadi meli aliyoichora Dee pembeni ya ukurasa bado ipo, na matanga yake.

Mtu mwenye hasira ya uchawi hakai chini kufuta jina taratibu ili aweke lake. Huyo alivitaka vitabu.