Je, wajua kwa nini bima ambayo wafanyakazi hawaielewi inamtafuna bosi?

Kuna imani imekaa vizuri sana vichwani mwa watu, na mabosi wengi wanayo hata kama hawaitamki: mfanyakazi asipoielewa bima yake ya afya hataitumia, asipoitumia hela inabaki kwenye kampuni, kwa hiyo kutoelewa ni hasara yake mwenyewe. Ukiisikiliza ina mantiki. Tena kuna mahali ina ukweli, tutafika huko. Ila nenda Marekani, ambako bima ya kazini ndiyo inabeba watu wengi kuliko bima nyingine yoyote, uangalie hela inatoka mfuko wa nani, utakuta hesabu haikai hivyo hata kidogo.

Historia kwa haraka tu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kule ilibana mishahara kwa sheria ya 1942, waajiri wakashindwa kunyang'anyana watu kwa mshahara wakaanza kunyang'anyana kwa marupurupu, bima ya afya ikiwemo, halafu 1954 sheria ya kodi ikaandika wazi kwamba hela hiyo mfanyakazi hatozwi kodi. Basi, mtindo ukaganda mpaka leo. Mwaka 2024 bima ya kazini ya familia moja ilikuwa wastani wa dola 25,572 kwa mwaka, kwa hesabu za KFF, shirika la Marekani la utafiti wa sera za afya, mfanyakazi akichangia 6,296 na zote zilizobaki anazitoa bosi.

Sasa watu wakisikia bima wanafikiri hivi: kampuni inalipa premiamu, yaani ada ya bima, ikishalipa imemaliza, mgonjwa akitokea huo ni mzigo wa kampuni ya bima. Kwa kampuni ndogo mara nyingi ndivyo ilivyo. Kwa kubwa sivyo. Mwaka huohuo wa 2024 asilimia 63 ya wafanyakazi wenye bima ya kazini walikuwa kwenye mipango ambayo mwajiri mwenyewe ndiye analipa matibabu kutoka kwenye akaunti yake, na kampuni ya bima imekodiwa kupanga hospitali, kupokea bili na kutoa kadi. Na kadi inasema! Nyingi ukizigeuza nyuma, chini kabisa kwa maandishi ya kuhitaji miwani, utakuta sentensi kwamba kampuni hii inatoa huduma za usimamizi tu na haibebi dhima ya kifedha kwa madai ya matibabu. Mbele nembo kubwa ya bima, nyuma ukweli. Sijui nani anasoma nyuma ya kadi.

Tufanye hivi ili ieleweke. Chukua bosi wa karakana amewaambia vijana wake kuleni mchana, mimi nitalipa. Ameweka karani mlangoni mwenye daftari, karani anapewa posho yake kila mwezi, kazi yake ni kuandika nani kala nini na wapi. Ng'ambo ya barabara kuna mama ntilie, na kona ya pili kuna hoteli ya kitalii, zote mbili zimo kwenye daftari. Vijana wanamwona karani kila siku kwa hiyo wanaamini karani ndiye analipa. Kijana mmoja ana njaa ya kawaida tu, hajui mama ntilie yumo kwenye daftari, anaingia hotelini anakula kuku na juisi, bili ya hotelini ni mara kadhaa ya wali maharage na njaa iliyokwisha ni ileile. Mwingine kasikia kwamba sahani za kwanza kila mtu anajilipia, akaona bora ashinde njaa, wiki ya tatu kazimia juu ya mashine, sasa hapo kuna gari la wagonjwa, mashine imesimama na mtu wa kumshikia nafasi analipwa pia. Wa tatu hajui kwamba matunda ni bure kwa kila mtu, na bosi kashakubaliana na muuzaji, matunda yanaoza. Mwisho wa mwezi daftari lote linatua kwa nani? Karani anachukua posho yake anaenda zake nyumbani.

Rudisha hiyo kwenye hospitali. Hoteli ni emajensi, ambako homa ya mtoto ya Jumamosi usiku inaweza kuzaa bili ya mara kadhaa ya ile ya kliniki ya haraka iliyo mtaa wa pili, na mipango mingi ina hata nesi wa simu wa saa 24 ila namba yake iko kwenye ile sehemu ya kadi isiyosomwa. Sahani za kujilipia ni ile hela ya kutangulia, yaani kiasi unachotoa mfukoni kabla bima haijaanza kulipa, ambayo 2024 kwa mtu mmoja ilikuwa wastani wa dola 1,787 kwa wale ambao mpango wao unayo. Na matunda ni kinga: sheria ya afya ya 2010, ile ya Obama, inaitaka mipango karibu yote ilipie chanjo na vipimo vya kinga bila mgonjwa kutoa senti, hata kama hela ya kutangulia haijaguswa.

Hapo kwenye matunda ndipo pana kituko chenyewe. Utafiti uliochapishwa 2012 uliwauliza wateja wa Kaiser Permanente, shirika kubwa la bima na hospitali, kaskazini mwa California, wenye mipango ya hela kubwa ya kutangulia, kama wanajua kwamba kinga haiguswi na hela hiyo. Waliojua hawakufika mmoja kati ya watano. Na kama mmoja kati ya watano alisema ameahirisha au ameacha kwenda kwenye kinga kwa sababu ya gharama, yaani anaogopa bei ya kitu ambacho ni bure au bei yake ni ndogo.

Usidhani ni tatizo la wasiosoma. Utafiti wa 2013 uliwapa Wamarekani wenye bima maswali manne tu ya kuchagua jibu, kuhusu vitu vinne vya msingi vya bima, waliopata yote manne walikuwa asilimia 14. Halafu kuna kampuni moja kubwa, jina halikutajwa kwenye utafiti, ilihamisha wafanyakazi wake mwaka 2013 kutoka bima ya bure kabisa kwenda ya hela kubwa ya kutangulia. Watu wa mishahara minono hawa, na kampuni ikawawekea kwenye akaunti ya afya hela karibu sawa na ile ya kutangulia. Matumizi yalishuka kwa asilimia 12 hadi 14 hivi. Umeona? Bosi kaokoa. Lakini ukichambua, wafanyakazi hawakuanza kutafuta daktari wa bei nafuu kama wachumi walivyotarajia, walipunguza tu kwenda, wakapunguza vipimo visivyo na maana na vyenye maana kwa pamoja, kinga ikiwemo. Na waliopunguza sana walikuwa wagonjwa, watu ambao kwa hali zao ilikuwa wazi watavuka hela ya kutangulia kabla mwaka haujaisha, kwa hiyo kusubiri hakukuwaokolea kitu. Waliangalia bei ya leo tu.

Kwa hiyo ile imani ya mwanzo haikutoka hewani, kwa mwaka mmoja au miwili bosi anaweza kweli kubaki na hela. Swali ni mgonjwa wa presha aliyeacha dawa analipiwa na nani miaka mitano mbele, na hapo ushahidi unaanza kuwa mwembamba kwa sababu watu wanahama kazi, ugonjwa ulioiva kwa mwajiri huyu unaweza kupasukia kwa mwajiri mwingine. Mwajiri wa watu wanaokaa miaka 20 ana cha kuogopa zaidi kuliko ghala ambalo watu wanaondoka kila baada ya miezi michache. Pia kuwa na tahadhari na zile takwimu za "kutoelewa bima kunagharimu waajiri mabilioni", nyingi zinatolewa na kampuni zinazouza huduma ya kuelimisha wafanyakazi kuhusu bima.

Kuna kitu kingine kinachochanganya. Utafiti wa 2017 uliangalia wafanyakazi 23,894 wa kampuni moja waliopewa uhuru wa kujipangia bima, na wengi wao wakachagua mpango ambao kwa hesabu yoyote ulikuwa hasara, mfano wa kuelewesha, unalipa dola 600 zaidi kwa mwaka ili usije ukadaiwa 500. Ziada waliyotoa ililingana na asilimia 24 ya premiamu walizochagua. Hiyo ni hasara ya wafanyakazi, na kwenye mpango ambao bosi analipa mwenyewe michango mikubwa ya wafanyakazi kiukweli inampunguzia mzigo. Anachopoteza yeye ni kingine: anatoa karibu dola 19,000 kwa familia moja, na mwenye familia anaiona kama karatasi za kusaini mwezi wa 11, akipata kazi nyingine yenye dola moja zaidi kwa saa anaondoka, bila kuhesabu kwamba bima ya kule ni mbovu.

Kwa Waswahili walioko kule, wa viwanda vya nyama, wa maghala, wa kutunza wazee, kuna ukuta mwingine juu ya huo. Waraka wa muhtasari wa bima upo kwa sheria, kurasa chache zenye mpangilio mmoja nchi nzima, lakini msaada wa lugha nyingine unalazimishwa pale tu lugha hiyo ikifikia kiwango cha asilimia 10 ya watu wa kaunti, na Kiswahili hakifiki popote. Kwa hiyo mkalimani anakuwa mtoto wa darasa la saba au jamaa wa kanisani, na yeye mwenyewe huenda yuko kwenye ile asilimia 86 ambao hawakupata maswali yote manne.

Huku kwetu Nairobi na Dar mlango ni tofauti kidogo, bima ya kampuni inapohuishwa mwaka unaofuata wanaangalia klemu, yaani madai ya matibabu, za mwaka jana zililinganaje na premiamu, zikizidi bei inapanda au limiti inakatwa. Daftari linafika tu, limechelewa mwaka mmoja.

Kuna mwajiri aliyeamua kukwepa suala la kuelimisha kabisa. Pitney Bowes, kampuni ya mashine za kugongea stempu za posta, mwaka 2007 iliondoa malipo ya mfukoni kwa dawa za kushusha lehemu kwa wafanyakazi wake wenye kisukari au ugonjwa wa mishipa ya damu. Hakuna cha kuelewa tena, nenda chukua dawa. Utumiaji wa dawa ulipanda kwa asilimia 2.8 ukilinganisha na waajiri wengine. Bure kabisa, na bado ni 2.8.