Kiwanja kikavu Januari si kikavu Aprili

Wengi wanaohamia pembezoni mwa mji wa Unguja, huko Fuoni, Tomondo na Mwanakwerekwe, hukagua kiwanja wakati wa kaskazi, jua kali na ardhi imekauka, wakaamini hapo hapatuami maji. Masika, Machi hadi Mei, ndiyo yanayoonesha bonde liko wapi. Na kila ua mpya wa saruji hupunguza ardhi ya kunywa mvua, basi maji humshukia jirani wa chini.

Nenda Aprili, asubuhi baada ya mvua kubwa. Tazama kuta za majirani: mstari wa tope juu ya msingi hausemi uongo. Chimba shimo la mita moja na nusu, lifunike mvua isiingie, lirudie kesho yake. Ukikuta maji yamechimbuka chini, usimsikilize fundi anayesema utajaza kifusi tu. Kifusi huinua sakafu ya nyumba. Shimo la choo hubaki palepale, maji ya ardhini huliingia kwa ubavuni, na choo hurudisha uchafu. Hapo linafaa shimo fupi, pana, la zege lisilopitisha maji, la kunyonywa na gari, na kisima kikae mita 30 mbali. Au tafuta kiwanja cha mwinuko, hata kama barabara iko mbali kidogo.