Maana ya ridhaa ya mshiriki katika utafiti wa tiba

Ridhaa katika utafiti wa tiba ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu wa kukubali kushiriki kwa hiari yake, baada ya kuelezwa na kuelewa lengo la utafiti, mambo atakayofanyiwa, madhara yanayoweza kumpata, faida anayoweza kuipata au kuikosa, na haki yake ya kukataa au kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu anayostahili. Katika yote hayo, lililo zito zaidi ni kuelewa. Sahihi au dole gumba ni ushahidi tu kwamba mazungumzo yalifanyika.

Mgonjwa anayetoka Rombo au Same kwenda kutibiwa KCMC mjini Moshi hufika katika hospitali ambayo tangu ifunguliwe mwaka 1971 imekua na kuwa mahali pa kutibu, kufundisha na kufanya utafiti kwa pamoja. Si ajabu basi akadhani kwamba kila anachoombwa na mtu aliyevaa koti jeupe ni sehemu ya tiba yake, ilhali mambo hayo mawili yana makusudi tofauti: matibabu hupangwa kwa kumtazama yeye peke yake, na utafiti hupangwa ili kujibu swali ambalo jibu lake huenda likawafaa wagonjwa wengine miaka mingi baadaye. Katika majaribio mengi ya dawa, washiriki hugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, na mara nyingi hata daktari haelezwi nani anapata dawa mpya na nani anaendelea na ya zamani mpaka jaribio liishe. Mgonjwa anayesema, “Wewe ndiye daktari, fanya unavyoona,” ameonyesha imani, lakini bado hajatoa ridhaa. Kwa maoni yangu, njia bora ya kupima uelewa ni kumwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichokisikia. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, linataka pia kwamba mgonjwa anayemtegemea daktari wake aombwe ridhaa na mtu mwingine mwenye ujuzi, asiyehusika na uhusiano huo.

Masharti haya yalitokana na maovu yaliyotendeka. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zinazohusu majaribio kwa binadamu, zilifuatia kesi ya madaktari wa Kinazi waliowafanyia wafungwa majaribio bila ridhaa yao. Huko Tuskegee, Marekani, wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa kuanzia 1932 hadi 1972 bila kuelezwa ukweli wala kupewa penisilini, hata baada ya dawa hiyo kuwa tiba ya kawaida.

Nchini Tanzania, utafiti wa afya unaohusisha watu hupitiwa kwanza na kamati ya maadili, iwe ya taasisi husika au ile ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kibali hicho, hata hivyo, hakichukui nafasi ya ridhaa ya mtu binafsi. Wala ruhusa ya mwenyekiti wa kitongoji au ya laigwanani, yaani kiongozi wa mila wa Wamaasai, huko Longido na Monduli haifanyi hivyo, ingawa bila ruhusa hiyo mtafiti hawezi kuingia bomani kwa heshima. Mama asiyejua Kiswahili vizuri aelezwe kwa Kimaasai. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye na maslahi katika utafiti huo. Mume anaweza kushauri, lakini mwenye kuamua ni mwanamke mwenyewe. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye hutoa ridhaa, na mtoto aliyefikia umri wa kuelewa naye pia huulizwa.

Damu huhitaji maelezo ya pekee, kwa kuwa hofu ya mumiani haijafutika kabisa midomoni mwa watu. Kusema “mililita kumi” hakumsaidii mtu. Kusema vijiko viwili vya chai kunamsaidia. Aelezwe pia kama sampuli itahifadhiwa, kama itapelekwa nje ya nchi, na nini kitafanyika akijitoa baada ya kupimwa. Nauli anayorudishiwa iwe fidia ya safari, isiwe kubwa kiasi cha kumfanya maskini ashindwe kukataa. Nakala moja ya fomu, yenye namba za simu za mtafiti na za kamati ya maadili, ni haki yake, na anaweza kwenda nayo nyumbani akaisome na ndugu zake kabla ya kuamua.